Stakabadhi ndogo, ghala kubwa: kwa nini GPU inajaa na mzoa taka yupo

Kama umewahi kufundisha modeli ya kutambua picha, basi huu ujumbe unaujua: *CUDA out of memory*. Kwa lugha ya nyumbani: kadi imejaa, siendelei. Mimi ulinikuta saa sita na nusu usiku, chumbani kwangu Usa River, kompyuta ya kuazima, umeme upo (tushukuru), na kesho yake saa nne asubuhi natakiwa kumwonyesha msimamizi matokeo.

Kilichonichanganya si ujumbe wenyewe bali mahali ulipotokea. Mafunzo yalikuwa yamepita salama. Modeli imezungukia picha zote za kufundishia, hasara inashuka vizuri, mimi nimeshaanza kutabasamu. Kisha ikaingia hatua ya majaribio, ile ya kuangalia tu kama modeli imeelewa, isiyobadilisha kitu chochote. Fungu la kwanza likapita, la pili likapita, la tatu ikaanguka. Sasa niambie, mtu amepanda Meru na gunia begani mpaka juu, anakujaje kudondoka kwenye tambarare wakati wa kurudi, mikono mitupu?

Kabla ya jibu, nikueleze picha zenyewe ni za nini, maana ndizo zilizofanya nisikubali njia ya mkato.

Ni majani ya nyanya. Ukizunguka upande wa kaskazini wa Mlima Meru mpaka Ngarenanyuki, utakuta mashamba ya nyanya ya kumwagilia, na utawakuta wakulima wanaomjua kanitangaze. Jina la kitaalamu ni *Tuta absoluta*, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Aliingia Hispania mwaka 2006, akashuka Afrika, na mwaka 2014 akaripotiwa hapa Tanzania, huku kwetu Arumeru. Jina la kanitangaze alipewa na wakulima wenyewe, na ukiona shamba alilopita utaelewa kwa nini. Kiwavi wake huingia katikati ya jani, baina ya ngozi ya juu na ya chini, na kula nyama ya ndani. Siku za mwanzo unachoona ni kimstari chembamba cheupe, kama mtu kachora kwa sindano. Baadaye mistari inaungana na kuwa mabaka, jani linakauka, matunda yanatobolewa.

Kompyuta inaweza kusaidia kumwona mapema. Mwaka 2020 Lilian Mkonyi na wenzake, kutoka Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela hapa Tengeru, walichapisha kazi ya kumtambua kanitangaze mapema kwa kutumia modeli za VGG16, VGG19 na ResNet50. Mimi nilikuwa najifunza kwa kufuata njia hiyohiyo, kwa VGG16.

Sasa kadi ikijaa, ushauri wa kwanza utakaopewa na kila mtu ni huu: punguza ukubwa wa picha. Badala ya pikseli 224 kwa 224, weka 112 kwa 112. Kweli itafanya kazi, kumbukumbu inayohitajika na picha inashuka mpaka robo. Lakini kile kimstari chembamba nacho kinapotea. Utabaki na modeli inayomtambua kanitangaze akishakuwa mabaka, yaani hatua ambayo mkulima wa Ngarenanyuki anamwona kwa macho yake bila kuhitaji shahada yako. Ushauri wa pili ni kununua kadi kubwa zaidi. Huo nauacha kama ulivyo.

Basi tupige hesabu kwanza, halafu ndiyo tutafute mchawi.

VGG16 ina vigezo takribani milioni 138. Kila kigezo ni namba ya baiti 4, kwa hiyo modeli yenyewe ni kama MB 552. Wakati wa kufundisha, kila kigezo kina gradienti yake, namba nyingine inayosema kigezo kisogezwe upande gani. Na ukitumia kirekebishaji cha Adam, kila kigezo kinatunziwa namba mbili zaidi za kumbukumbu ya mwenendo. Jumla seti nne: GB 2.2 hivi. Hizo zinakaa kwenye kadi muda wote, upende usipende.

Halafu kuna matokeo ya kati. Picha ikipita kwenye tabaka la kwanza la VGG16 inatoka ikiwa na namba 224 × 224 × 64, zaidi ya milioni 3.2. Tabaka linalofuata linatoa nyingine, na kuendelea hivyo. Ukijumlisha matabaka yote unapata kama namba milioni 15 kwa picha moja, yaani MB 60 kwa uchache. Ukipeleka picha 32 kwa pamoja, hiyo ni karibu GB 2. Na hayo matokeo hayatupwi papo hapo, kwa sababu ili kukokotoa gradienti inabidi urudi nyuma kwa njia uliyojia, na kila tabaka linahitaji kukumbuka lilichokiona. Ukishamaliza kurudi nyuma, yanaachiwa.

Kadi yangu ilikuwa ya GB 8. GB 2.2 za kudumu, GB 2 na ushee za fungu lililopo, na nafasi ya kazi za hapa na pale. Inatosha, ndiyo maana mafunzo yalipita. Kwenye majaribio hakuna kurudi nyuma kabisa, kwa hiyo nafasi ingetakiwa ibaki nyingi zaidi.

Hapa inabidi tumzungumzie mzoa taka.

Zamani kidogo, na hata leo kwa wanaoandika C, kila nafasi ya kumbukumbu uliyoomba ulipaswa kuirudisha mwenyewe. Ukisahau, inavuja. Ukirudisha mara mbili, programu inakufa. Mwaka 1960 John McCarthy, katika makala yake ya kueleza lugha ya Lisp, alionyesha njia nyingine: programu yenyewe ipite mara kwa mara, iangalie ni vitu gani bado vinafikika kutoka kwenye vigeu vyako, na vingine vyote ivizoe. Mwaka huohuo George Collins akachapisha njia ya pili: kila kitu kiwe na hesabu ya wangapi wanakishikilia, na hesabu ikifika sifuri kitupwe palepale. Lugha karibu zote ambazo mwanafunzi wa leo anaanza nazo zinatumia mojawapo ya mawazo haya au mchanganyiko wake. Python inahesabu washikiliaji, na ina mzoaji wa ziada anayepita kutafuta vitu vinavyoshikiliana vyenyewe kwa vyenyewe kwa duara. Java, JavaScript, Go na Julia zinapita na kuzoa.

Ni huduma nzuri sana. Mtaani gari la taka likipita kwa wakati, nani anakumbuka lipo?

Tatizo ni kwamba gari hilo linapita mtaa mmoja tu. Kompyuta yenye GPU ina kumbukumbu mbili zilizotengana: ile ya kawaida ya kompyuta, na ile iliyo kwenye kadi yenyewe. Mzoa taka wa lugha anatembea kwenye ile ya kawaida. Kwenye kadi hafiki. Anachokiona cha tensa yako ni kijitu kidogo cha baiti mia chache kinachosema: "data yangu ipo kule kwenye kadi, anwani fulani."

Fikiria stakabadhi ghalani, mfumo uliowekewa sheria mwaka 2005 na ambao wakulima wa korosho wa Mtwara wanaujua kuliko mimi. Unapeleka mzigo ghalani, unapewa karatasi. Karatasi inakaa mfukoni, haina uzito. Lakini nyuma yake kuna tani za korosho zimekalia nafasi. Sasa mfikirie mtu wa usafi anayeamua siku ya kupita nyumbani kwako kwa kuangalia pipa limejaa kiasi gani. Ndani ya pipa kuna karatasi tatu. Atasema, pipa bado tupu, nitapita wiki ijayo. Huku ghalani mlango haufungi.

Ndiyo hali halisi kwenye lugha za kupita-na-kuzoa. Katika Julia, ukitumia kifurushi cha CUDA.jl, safu ya kwenye kadi ni kijitu kidogo upande wa Julia. Kumbukumbu ya kawaida haina shinikizo, kwa hiyo mzoaji hana haraka. Walioandika CUDA.jl waliliona hilo, wakaweka utaratibu kwamba ombi la nafasi likikataliwa na kadi, kwanza aitwe mzoaji, kisha ombi lirudiwe. Inasaidia, ila mzoaji anapoitwa kwa dharura kazi yote inasimama ikimsubiri, na programu yako inakwenda kama daladala inayosimama kila mti. Kwa hiyo wamekuachia pia `CUDA.unsafe_free!`, ya kusema mwenyewe kwamba safu hii nimemaliza nayo, ichukue sasa hivi. Jina lenyewe linakuonya.

Kwenye kivinjari ni wazi zaidi. TensorFlow.js inaweza kutumia GPU kupitia WebGL, na nyaraka zake zinakuambia bila kuficha kwamba tensa zilizo huko hazitazolewa na JavaScript. Inabidi uite `dispose()`, au ufunge kazi yako ndani ya `tf.tidy()`, ambayo kila tensa iliyozaliwa humo na isiyorudishwa inatupwa kazi ikiisha. Ukisahau, ukurasa wa mkulima anayepiga picha za majani kwa simu utakwenda vizuri kwa picha ishirini halafu utaganda, na yeye atasema simu imezeeka.

Nadhani sasa unamsubiri Python, maana ndiye aliyeniangusha. Ajabu ni kwamba Python ina nafuu hapa. Kwa kuwa inahesabu washikiliaji, karatasi ya mwisho ikichanwa tu, ghala linafunguliwa palepale, hakuna cha kusubiri gari. Shida ya kungoja inabaki kwa vitu vilivyoshikana kwa duara, na hapo Python ina ujinga wake mdogo: mzoaji wa ziada anaamua kupita kwa kuhesabu *idadi* ya vitu vilivyoongezeka, si ukubwa wake. Kwa miaka mingi kizingiti cha kawaida kilikuwa 700. Duara moja lililoshikilia GB 2 za kadi linahesabiwa sawa na duara lililoshikilia neno "ndiyo".

Lakini langu halikuwa duara. Huu hapa msimbo wenyewe, uliofupishwa:

```
jumla = 0
for picha, jibu in majaribio:
    hasara = pima(modeli(picha), jibu)
    jumla = jumla + hasara
```

Mistari minne, isiyo na hatia kabisa. Nataka wastani wa hasara, kwa hiyo najumlisha. Uangalie tena ukiwa na stakabadhi kichwani.

`hasara` inaonekana kama namba moja, lakini kwa PyTorch ni tensa, na tensa hiyo inakumbuka ilivyopatikana: imetoka kwenye tabaka la mwisho, ambalo limetoka kwenye lililotangulia, mpaka kwenye picha. PyTorch inatunza njia hiyo yote na matokeo yake ya kati, ikitegemea kwamba dakika yoyote nitasema "rudi nyuma". Wakati wa mafunzo nilikuwa nasema hivyo kila fungu, na mara baada ya kurudi nyuma yale matokeo yanaachiwa. Kwenye majaribio sikusema. Kwa nini niseme, sifundishi. Kwa hiyo PyTorch ikaendelea kunitunzia.

Na mimi nikaichukua `hasara`, nikaijumlisha ndani ya `jumla`. `jumla` sasa inashikilia hasara ya kwanza na historia yake: GB 2. Fungu la pili, GB 2 nyingine. Pamoja na zile 2.2 za kudumu tumeshapita 6. Fungu la tatu halina pa kukaa.

Hapo sasa ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu watu wengi (nilikuwemo) hukimbilia kuandika `gc.collect()` kila mstari wa pili, kumwita mzoaji kwa nguvu. Niliita. Akaja. Hakuchukua kitu, na alikuwa sahihi: ile haikuwa taka. Stakabadhi ilikuwa mkononi mwangu mwenyewe, kwenye kigeu nilichokipa jina mimi. Kuna ugonjwa wa karatasi iliyotupwa ambayo mzoaji hajaipitia, huo ndio wa Julia na JavaScript na dawa yake ni kumwita au kutupa mwenyewe. Na kuna ugonjwa wa karatasi ambayo bado umeishika bila kujua. Ujumbe kwenye skrini ni uleule kwa magonjwa yote mawili. Dawa ya mmoja haigusi mwingine.

Dawa yangu ilikuwa maneno mawili. Kuifunga hatua ya majaribio ndani ya `with torch.no_grad():`, yaani kumwambia PyTorch hatutarudi nyuma, usitunze njia. Na kuandika `jumla + hasara.item()`, ambayo inachukua namba tupu na kuiacha historia. Mojawapo ingetosha kuniokoa usiku ule, ila weka zote mbili.

Ukitumia daftari la Jupyter, jua kwamba lina tabia ya kuweka stakabadhi mifukoni bila kukuuliza. Kila jibu linaloonekana chini ya seli linatunzwa kwenye historia ya daftari. Ukiacha tensa kwenye mstari wa mwisho wa seli ili uione, imeshapata mshikiliaji mwingine. Kosa likitokea, taarifa ya kosa nayo inashikilia vigeu vyote vilivyokuwa hai pale programu ilipokufa. Ndiyo maana baada ya kadi kujaa mara moja, unapunguza picha, unajaribu tena, na bado inakataa. Umeufuta mzigo, ila kosa bado limeshika karatasi. Kuwasha daftari upya si ushirikina, kuna sababu.

Kingine kitakachokuchanganya: utafuta tensa kwa `del`, halafu utafungua `nvidia-smi` kuangalia kadi, na utakuta nafasi haijapungua hata kidogo. Usianze kutukana. Kuomba na kurudisha nafasi kwa dereva wa kadi ni kazi ya polepole, na kurudisha kunaweza kuilazimisha kadi imalize kila kilicho njiani kwanza. Kwa hiyo PyTorch haimrudishii. Inafanya kama dalali aliyepangisha ghala zima: mpangaji akitoka, chumba kinabaki kwake dalali akisubiri mwingine. Kwa `nvidia-smi` ghala limejaa. Kwako wewe vyumba vipo. Uliza `torch.cuda.memory_allocated()` ndiyo ujue kilichokaliwa kweli, na `torch.cuda.memory_reserved()` ujue dalali ameshika kiasi gani. Ile `torch.cuda.empty_cache()` inayopendwa kwenye mafunzo ya mtandaoni inamlazimisha dalali arudishe vyumba vitupu. Itamsaidia mwenzako mnayegawana naye kadi. Chumba ambacho wewe bado una karatasi yake haitakigusa.

Kama ningeulizwa lugha zifanye nini, ningesema zisijidai. C# ina `GC.AddMemoryPressure`, njia ya kumwambia mzoaji kwamba hiki kijitu nyuma yake kuna mzigo mkubwa, kihesabu hivyo. Ni wazo la kiungwana, lakini bado unakisia lini atapita. Java ilijaribu kumwachia mzoaji arudishe rasilimali za nje kupitia `finalize`, na ilipofika Java 9, mwaka 2017, ikatangaza kwamba njia hiyo haifai kutumika tena. Mimi niko upande wa `tf.tidy` na `with`: mwanzo na mwisho vinaonekana kwenye ukurasa, na anayesoma msimbo wako miezi sita baadaye anajua ghala linafungwa wapi. Inaongeza kuandika, ndiyo. Kadi ya GB 8 haina nafasi ya uvivu.

Usiku ule nilibadilisha hiyo mistari saa saba kasoro. Majaribio yakapita yote, kadi ikiwa imetumia chini ya nusu. Nikabaki naangalia hiyo nusu nyingine iliyo tupu, nikafanya kinyume cha nilichoshauriwa: nikakuza picha kuwa 448 kwa 448, mara nne ya eneo, nikapunguza fungu kutoka picha 32 mpaka 8, na matokeo ya kati yakabaki kuwa GB 2 zilezile. Kwa ukubwa huo kimstari cha kanitangaze kinaonekana hata mimi nikikaa mbali na skrini. Msimamizi nilimwonyesha mchoro nusu, mafunzo yalikuwa hayajaisha. Aliuliza kwa nini nimebadilisha ukubwa wa picha dakika za mwisho, nikamfungulia jani moja kwa 112, kisha lilelile kwa 448, nikamwomba anionyeshe kiwavi alipoingilia.